Jengo Likianguka, Funga Mdomo

Siku ile tuliposimama nje ya sinema karibu na Skärholmen, huku kwa Waswidi, theluji ikitudondokea kwenye kofia, nyinyi vijana mlikuwa mmekasirika kweli. Mlikuwa mmetoka kuangalia picha kubwa ya msimu, ile ya majahazi ya angani yanayoshuka juu ya miji, na badala ya kufurahi mkaanza kuichambua kama samaki mwenye miiba.

"Mjomba, hadithi yenyewe hata mtoto wa chekechea angeiandika," mmoja wenu akasema.

"Na siasa yake!" mwingine akadakia. "Jeshi la nchi moja linaokoa dunia nzima. Sisi wengine kazi yetu kukimbia tu na kuonyesha vidole juu."

"Sasa mbona ukumbi umejaa?" akauliza wa tatu, na wote mkanigeukia mimi kana kwamba mimi ndiye niliyeujaza.

Nilicheka, basi langu likaja, nikawaacha hapo na hasira zenu. Lakini swali lenu nilipanda nalo basi. Nikalala nalo, nikaenda nalo kazini, na leo nimepata siku ya mapumziko, chai iko mezani, nawajibu. Nitazunguka kidogo. Mnanijua, miguu yangu haijawahi kukaa mahali pamoja, na ulimi nao umejifunza tabia ya miguu.

Kwanza mjue anayewajibu. Nilikuwa mtafsiri wa picha. Simaanishi wa kuandika maneno chini ya kioo kama yale mnayoyasoma kwenye simu. Nilikaa ndani ya banda la video, pembeni ya runinga, maiki mkononi, na picha inapokwenda mimi nawaambia watu kwa Kiswahili nini kinatokea. Nilikuwa steringi, yule shujaa wa picha, nilikuwa adui, nilikuwa mama anayelia, na kukiwa na haja nilikuwa mbwa. Watu hawakuuliza picha gani inaonyeshwa. Waliuliza, "Leo anatafsiri nani?"

Kazi hiyo nilifundishwa Tanga na mtu aliyeitwa Shebe. Alikuwa mwembamba, anajifunga skafu shingoni hata kwenye joto la Februari, na shavuni ana kipande cha tangawizi wakati wote. Koo lake alilitunza kama wengine wanavyotunza baiskeli mpya. Hakunywa maji ya baridi. Hakugombana na mtu asubuhi ya siku ya kazi. Mkewe alikuwa akisema, "Mume wangu akikasirika hunipigia kelele jioni, baada ya picha ya mwisho, kwa sauti ile iliyobaki."

Shebe alinifundisha mambo ambayo bado nayatumia hata kwenye maisha. Picha mpya iangalie kwanza bila sauti. Ukiiangalia na sauti, utadanganywa na muziki. Ukiiangalia kimya, utajua ni wapi imejaa na ni wapi ni tupu, na pale palipo patupu ndipo pa kwako. Majina ya kizungu usiyataje, kwa sababu hakuna atakayeyakumbuka mpaka mwisho. Mpe mtu jina la kile jicho linachokiona: Kofia, Kovu, Shangazi wa Miwani. Mpenzi wa steringi mpe jina linalopendwa mtaani. Adui asipewe kabila wala dini ya mtu yeyote aliye ndani ya banda, la sivyo utatoka na benchi kichwani.

Na kubwa kuliko yote: "Jengo likianguka, funga mdomo."

Hiyo sikuielewa aliponiambia. Niliielewa siku niliyokalia kiti chake kwa mara ya kwanza. Yeye alikaa nyuma, mimi nikapewa maiki na picha ya bwawa. Ilikuwa picha ya mji ulio chini ya bwawa kubwa, na bwawa lina ufa. Mimi kijana niliyetoka shule ya sekondari, kichwa kimejaa somo la uraia, niliipenda siasa yake mno. Waziri na mkandarasi walikuwa wameiba saruji. Mhandisi mmoja anajua, hakuna anayemsikiliza. Nikawaeleza watu wote hayo kwa ufasaha, na walikuwa wananifuata vizuri, wanamtukana waziri, wanatafuna karanga.

Ikafika saa ya bwawa kupasuka. Mimi sikunyamaza. Ufa unapanda, mimi nasema, "Ndugu zangu, haya ndiyo matokeo ya uongozi usiojali..." Ukuta unatetemeka, mimi nasema, "Je, wananchi wangeweza kufanya nini?" Nikasikia ganda la chungwa limenipiga sikioni. La pili likafuata.

"We, tupishe!"

"Bwawa linapasuka, wewe unahutubia!"

"Mchukueni huyo, mpelekeni bungeni!"

Shebe akaja kwa magoti ili asizuie watu kuona, akaninyang'anya maiki. Nikadhani atatafsiri. Hakusema kitu. Aliishika tu karibu na mdomo, na banda zima likawa linamsikia anavyovuta pumzi. Ukuta ukafunguka. Maji yakatoka kama mlima uliokatwa kamba. Watu hawakutafuna, hawakukohoa, mama mmoja alikuwa amemshika mkono mwanaume asiyemjua. Maji yalipomeza mnara wa mwisho, Shebe akasema neno moja tu: "Haya."

Banda liliruka. Watu walipiga makofi, walipiga mabati, walirudishiwa picha nyuma waone tena.

Baadaye tukiwa tunakunja nyaya akaniambia, bila ukali, "Maneno ni ya mahali pasipo na kitu cha kuona. Wale watu wana akili. Wakifika kwao watazungumza habari ya saruji mpaka chai ipoe. Lakini bwawa hawawezi kulipasua tena nyumbani kwao. Hilo wamelifuata kwako."

Mnaona, hapo swali lenu nimeshaanza kulijibu.

Sasa niwaambie habari ya harusi. Wakati huo picha zilikuwa kwenye mikanda, na mkanda mmoja ulipita kwenye mikono mingi. Tulipata picha ya ndege za kivita, nzuri sana, kutoka kwa mwenye duka mmoja. Nilikuwa na haraka, nikaiangalia nusu tu kabla ya kuionyesha. Kosa hilo msilifanye. Katikati, ndege ya steringi inashika moto, rubani anahangaika, tumeshika viti, ghafla kioo kikapiga chenga na tukajikuta tuko kwenye harusi. Harusi ya watu, ya hapo hapo Tanga! Bibi harusi amekaa, akina mama wanampepea, mtu ananyunyiza marashi. Mwenye duka alikuwa amerekodi harusi ya ndugu yake juu ya picha.

Nikatazama banda. Banda likanitazama.

"Sasa," nikasema kwenye maiki, "dada wa steringi, bila kujua kwamba kaka yake yuko hatarini, siku hiyo anaolewa."

Mtu mmoja akasema, "Masikini!" Basi, nikajua nimepona. Nikatafsiri harusi nzima. Yule shangazi mnene aliyekuwa anaangalia mlango mara kwa mara nikasema anamsubiri steringi alete zawadi. Mzee aliyekuwa anasinzia nikasema ni baba, amechoka kwa mawazo ya mwanawe. Akina mama wa kule nyuma walianza kupiga vigelegele kuitikia vya kwenye kioo. Kisha chenga tena, tukarudi angani, ndege ikalipuka, steringi akatoka na mwavuli, na banda likashangilia mara mbili: kwa kupona kwake na kwa kuwa ataiwahi harusi.

Hakuna aliyedai chochote. Mmoja tu alinifuata nje, akaniuliza kwa siri, "Lakini yule bwana harusi si fundi cherehani wa Ngamiani?" Nikamwambia wanafanana.

Shebe alicheka mpaka tangawizi ikamtoka mdomoni. Kisha akaniuliza, "Je, kama harusi ingefunika ule mlipuko?" Nikafikiri. Kama harusi ingefunika mlipuko, wangenipiga. Hadithi iliyokatika niliishona kwa mdomo. Mlipuko uliokatika hakuna mdomo unaoweza kuushona. Wenye kutengeneza picha hizi kubwa wanalijua hilo kabisa, ndiyo maana nguvu zao zote wanazimwaga pale ambapo mtu kama mimi hawezi kufika.

Nilipotoka Tanga nilizunguka na kazi hiyo. Mwanza, Kigoma, Bujumbura, hata Kampala, ambako wenzetu wa kutafsiri wana mbwembwe zisizo na mfano. Nilikaa nyuma ya ukumbi wao nikajiona mwanafunzi tena. Nilihama kila nilipoanza kujua majina ya mbwa wa mtaa. Na kila nilipokwenda nilibeba picha moja niliyoipenda, ya meli kubwa inayokatika katikati ya bahari.

Ile picha ilikuwa na siasa ndani yake, matajiri na maskini na nahodha asiyesikia. Tanga, nahodha nilimfanya bwana mkubwa wa bandari. Mwanza nilimfanya mnunuzi wa samaki anayepunja mizani. Kigoma nilinyamaza zaidi, kwa sababu humo ndani mlikuwa na watu waliovuka ziwa kwa sababu zao, na mimi nilikuwa mgeni. Bujumbura, mwenye banda aliniambia mapema, "Nahodha asiwe mtu yeyote." Nikamfanya asiwe mtu yeyote. Kwa hiyo siasa ya picha ile ile ilibadilika kila nilipovuka mpaka, kama noti mfukoni.

Lakini meli ilipokatika! Mwanza walisema "Lo!" Bujumbura walisema "Mana yanje!" Kampala walisema "Maama!" na wote, nawaapieni, walisema kwenye pumzi ile ile, pale ambapo taa za meli zinazimika. Ningefumba macho ningejua picha imefika wapi kwa kusikiliza watu.

Basi fikirini mtu anayetaka kuuza picha moja kwa dunia nzima. Akiweka siasa kali, atafurahisha mji huu na kuudhi ule. Akiweka hadithi ya ndani sana, ya namna watu wa kwao wanavyooana na kuzikana, nusu ya dunia itahitaji mtu wa pembeni wa kueleza. Akiangusha jengo, nani ataudhika isipokuwa mwenye jengo? Nyinyi mnasema ni ujinga. Mimi nasema ni ufundi, na kama ufundi wowote unaweza kutumiwa kijinga. Ile picha yenu ya majahazi ya angani ina ujinga wake, sikatai. Hata mimi niliona yule jenerali akitoa hotuba juu ya gari, nikatamani ganda la chungwa.

Nilipofika huku, kwanza nililala kwa rafiki Södertälje, kisha nikapata kazi ya kusafisha mabasi. Mabanda ya video nyumbani yalikuwa yameanza kufa, kila mtu ana runinga ndani ya mfuko. Siku moja nikasema ngoja niende sinema ya kweli, ya Waswidi. Nikanunua bisi, nikakaa. Picha ikaanza, steringi akaingia kwenye nyumba yenye giza, na mimi bila kujua nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, "Haya, huyu naye hajui kwamba kule juu kuna mtu."

Ukumbi mzima ulikuwa kimya kama ofisi ya kodi. Mama wa mbele yangu akageuka. Hakunikemea. Aliniangalia tu, kama mtu anayemwangalia ndege aliyeingia ndani ya nyumba na hajui amtoeje.

Nikafunga mdomo, nikaanza kuwasikiliza watu, maana kazi ni kazi. Na nikagundua jambo lililonifurahisha. Waswidi hawasemi "Lo!" wala hawapigi mabati. Lakini kabla jengo halijaanguka ukumbi wote unatafuna bisi, kru kru kru, kama mvua kwenye majani makavu. Jengo likianza kuinama, mvua inakatika. Mikono inabaki hewani. Yule mama wa mbele, aliyeniangalia vile, bisi moja ilikuwa imesimama njiani kati ya kikombe na mdomo. Karanga za Tanga ndivyo zilivyokuwa zikisimama. Nilitoka pale nikitembea kwenye barafu kana kwamba niko barabara ya kwetu, mpaka nikateleza.

Sasa tufike Fittja, kwenye ukumbi wetu wa chini ya ghorofa, na Jumamosi za picha ambazo sasa mnaziendesha nyinyi. Nyinyi mlizikuta zimeshapata umbo. Mwanzoni tulikuwa wachache: Mtanzania, Mkenya, Mkongo, Mrundi, sambusa, shuka jeupe la kuonyeshea ukutani, na projekta iliyokuwa ikipata joto kuliko jiko. Nilitafsiri kwa maiki, kama zamani. Wazazi walipenda watoto wao wasikie Kiswahili. Watoto walipenda sambusa.

Kati ya wazazi hao alikuwepo Zuhura, mtu wa Tanga kama mimi, na bintiye Layla, ambaye leo yuko kati yenu na atanikosoa nikiongeza chumvi. Vuli moja mama yake Zuhura alikuja kutembea. Tulimwita Bi Mwanaidi. Mwanamke mchangamfu, mwenye maneno matamu, na kwa wiki zote alizokaa hakuweza kuyatumia kwa mjukuu wake. Layla alisikia Kiswahili lakini alijibu kwa Kiswidi. Bi Mwanaidi alisikia Kiswidi kama mtu anavyosikia mvua.

Zuhura alinijia kabla ya Jumamosi ya mwisho ya mama yake. "Kaka," akasema, "mama anaondoka Jumatano. Hawa wawili wamekaa kwenye kochi moja kama abiria wa treni mbili. Hawagombani. Ingekuwa heri wagombane. Hawajacheka pamoja hata mara moja, na mama hawezi kusafiri tena, magoti yake yamekwisha. Nifanyie kitu."

"Mimi nifanye nini, dada? Mimi ni mtu wa picha."

"Ndiyo hiyo hiyo. Fanya picha."

Nikatafuta picha kwa uangalifu wote wa kazi yangu. Nikapata moja ya Kiswidi, nzuri, ya polepole, yenye hadithi ya bibi na mjukuu wake kwenye nyumba ya mbao kando ya ziwa. Niliiangalia kimya mara mbili. Nikasema, hii ndiyo. Layla ataisikia kwa Kiswidi chake, Bi Mwanaidi ataisikia kwa Kiswahili changu, na wote watajiona mle ndani.

Jumamosi mchana ukumbi ukajaa. Nikawakalisha wawili hao mstari wa mbele. Nikatafsiri kama sijawahi kutafsiri. Sauti ya yule bibi wa kwenye kioo niliitoa tumboni. Na nilipochungulia nikaona nini? Bi Mwanaidi anasikiliza spika ya upande wa kulia, yenye sauti yangu, ameridhika. Layla anasikiliza spika ya upande wa kushoto, yenye Kiswidi cha picha, ameinamia simu. Hakuna aliyemgeukia mwenzake. Nilikuwa nimempa kila mtu hadithi yake kamili, imefungwa vizuri, hana haja ya jirani. Ikafika mahali bibi wa kwenye picha anatazama ziwa, anatazama tu, na Bi Mwanaidi akaanza kukoroma.

Nyuma, Papa Trésor, mtu wa Lubumbashi, fundi wa mabomba anayependa mjadala kuliko chakula, akainua mkono.

"Mutafsiri, pole. Ile nyumba ya ziwa, ile udongo iko ya nani? Ule bibi alipata wapi? Picha haisemi. Banaficha kitu."

"Papa Trésor, bibi anaomboleza mumewe."

"Minaona. Lakini udongo ni ya nani?"

Tukapumzika kunywa chai kabla ya wakati. Zuhura alisimama mlangoni mwa jiko akiniangalia, na sikutaka kukutana na macho yale. Layla akaja kuchukua andazi. Akaniambia kwa Kiswidi, kwa upole kabisa, "Mjomba, huna kitu kinacholipuka?"

Nilicheka peke yangu. Nikamsikia Shebe na tangawizi yake. Nikaingia kwenye kompyuta, nikafungua picha ya lidude kutoka baharini, kubwa kama mtaa wa Fittja wote, linapanda ufukweni na kuingia mjini. Hadithi hakuna. Walilichokoza huko chini, limekuja. Picha ilikuwa kwa Kiingereza, maandishi ya Kiswidi chini.

Nikaanza kutafsiri. Kofia, yule mkuu wa jeshi, anasema vile, mwanamke wa maabara anasema hivi. Kisha maji ya bandari yakapanda, kichwa kikatoka, kikaendelea kutoka, kikaendelea. Daraja likakatika. Nikafunga mdomo.

Spika zilipokosa sauti yangu, Bi Mwanaidi alikuwa macho wazi, na mkono wake ulikuwa umeshamshika Layla juu ya kiwiko.

"Yallah! Nini hicho?"

Layla akamwangalia. Akaangalia upande wangu kunisubiri. Mimi nikaangalia dari.

"Bibi, hiyo... hiyo mnyama. Ya bahari."

"Namna ile? Anataka nini?"

"Amekasirika. Walichukua... yai. Yai yake."

"Ala! Basi wampe yai lake!"

Layla akacheka. Bi Mwanaidi naye akacheka kwa kuwa mjukuu amecheka. Nikainua maiki, maana Kofia ameanza kutoa amri na kazi yangu inaniita, na pale pale nikamwona Zuhura mlangoni, kijiko cha chai mkononi, ananitikisia kichwa: hapana, hapana, hapana.

"DJ, sema!" wa nyuma wakaita, maana ndivyo watafsiri tunavyoitwa kwetu.

"Mutafsiri, umelala?" akapaza Papa Trésor.

Nikaigonga maiki kwa kidole. Nikaipuliza. "Imekufa, jamani," nikasema. "Tuvumiliane."

Oh, wangenipiga kama tungekuwa Tanga! Lakini hapa watu wakaanza kugeukiana. Ukumbi ukawa na watafsiri kila pembe. Papa Trésor alimtafsiria mzee wa Kirundi aliyekaa naye, na kwa tafsiri yake lidude lilikuja kudai madini. "Iko sawa kabisa," nilimsikia akisema, "hata mimi ningetoka majini." Mama mmoja wa Nakuru, anayesafisha ofisi kama mimi nisafishavyo mabasi, kila kioo kilichopasuka alisema, "Na hiyo yote nani atafagia?" Watu walicheka mpaka wakasahau kwamba hawana DJ.

Nami niliwasikiliza wawili wa mbele.

"Layla, mji ule watu wake wamekwenda wapi?"

"Wamekimbia, Bibi. Wako chini. Kwenye tunnelbana."

"Tunnelbana? Treni ya chini ya ardhi, kama ile yetu ya kwenda kununua mchele?"

"Ndiyo, hiyo hiyo."

"Basi litawafuata! Mbona mlango wake wazi wakati wote?"

Layla hakuwa na maneno mengi, kwa hiyo akafanya kile ambacho Shebe alinifundisha kwa mwaka mzima. Hakutaja jina hata moja la kwenye picha. Mwanamke wa maabara akamwita Dada Koti. Rubani akamwita Meno. Palipo na maneno matupu aliyaruka, na pale alipokosa neno alilionyesha kwa mikono, na Bi Mwanaidi akalitafuta neno lile na kumwekea mdomoni kama anayelisha mtoto tonge. Nilikuwa nimekaa na maiki yangu magotini, sina kazi, na sikumbuki siku niliyowahi kufurahi hivyo nikiwa kazini.

Ndiyo siku niliyostaafu, kama mlikuwa hamjui. Sikuambiwa na mtu. Nililijua mwenyewe pale picha ilipofika mwisho wake, lidude likauegemea mnara mrefu kuliko yote, na mnara ukaanza kuinama. Layla alikuwa katikati ya sentensi. Anamweleza bibi yake kwa nini Meno hawezi kurusha ndege, na alikuwa anaeleza vizuri, amepata maneno, amenogewa. Mnara ukainama zaidi. Akanyamaza.

Hakuna aliyemfundisha. Alikatiza neno nusu, mdomo ukafungwa, mkono wa Bi Mwanaidi juu ya wake, na ukumbi mzima ukawa hautafuni. Papa Trésor alikuwa na sambusa hewani. Mnara ukashuka, ghorofa baada ya ghorofa, vumbi likajaa kwenye shuka letu jeupe mpaka hatukuona kitu.

"Haya," Layla akasema.

Bi Mwanaidi akapiga kigelegele, na mimi nikaizima ile maiki niliyokwisha kusema imekufa.